Somo la kompyuta lianze na amri

Katika vituo vingi vya mafunzo ya kompyuta, mwanafunzi hufundishwa mahali pa kubofya. Huonyeshwa pa kuhifadhia faili, pa kuchapishia na pa kukolezea maandishi, kisha hupewa cheti akaenda zake. Kasoro ya elimu hiyo ni kwamba vitufe vina mwenyewe, na mwenyewe huvihamisha apendapo. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft iliziondoa menyu zilizozoeleka katika Word na Excel, ikaweka utepe wa vitufe mahali pake, na waliokwisha kukariri wakaanza upya. Mwaka 2012 ikakiondoa kitufe cha Start katika Windows 8. Wateja wakapiga kelele, mwaka uliofuata kikarudishwa. Rai yangu ni kwamba somo la kompyuta katika sekondari lianze na amri za kila siku za mfumo endeshi wa Linux, zile zinazoandikwa kwa herufi kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na wafundishwe wanafunzi wote, hata wasiokusudia kamwe kuwa waandishi wa programu.

Hoja ya kwanza ni umri wa amri zenyewe. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kitabu chake cha kwanza cha maelekezo kilitoka Novemba 1971, na ndani yake tayari zimo ls ya kuorodhesha faili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, mkdir ya kuunda folda na rm ya kufuta. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 alifuata njia ya Unix, na amri zilizoambatana nayo zilitoka hasa katika mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Zaidi ya nusu karne imepita na ls ingali ls. Wala si kwamba imebaki kwa wazee wachache wa fani: kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinaendeshwa kwa Linux tangu Novemba 2017, Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kompyuta za Mac zina terminali inayozitambua amri hizi, na Microsoft yenyewe tangu mwaka 2016 imewawezesha watumiaji wa Windows kuendesha Linux humo humo. Sijui ni kitufe gani cha skrini kinachoweza kujisifia maisha marefu namna hiyo.

Lakini uzito mkubwa wa hoja uko katika namna amri zinavyomfunza mtu kufikiri. Chukua faili iitwayo wanafunzi.csv, ambayo kila mstari una jina, shule na mkoa, vikitenganishwa kwa mkato. Andika grep Mtwara wanafunzi.csv, na kila mstari wenye neno Mtwara utatokea. Ongeza mstari wa wima na amri nyingine, iwe grep Mtwara wanafunzi.csv | wc -l, na badala ya orodha utapewa idadi. Mstari huo wa wima uliingia katika Unix mwaka 1973 kutokana na wazo la Doug McIlroy: kinachotoka katika programu moja kiingie katika nyingine, kila programu ifanye kazi yake ndogo na kuifanya vizuri. Ukitaka idadi ya kila mkoa, andika cut -d, -f3 wanafunzi.csv | sort | uniq -c. Amri ya kwanza inatoa safu ya tatu, ya pili inaipanga, ya tatu inahesabu inayofanana. Mwanafunzi aliyeiunda amri hiyo amelazimika kulivunja swali kubwa vipandevipande na kujua kipi kitangulie, maana uniq bila sort hutoa hesabu za ovyo. Atagundua pia, pengine kwa kushtuka, kwamba ile grep ya mwanzo ilimhesabu hata mtoto wa Lindi anayesoma katika shule yenye jina la Mtwara. Mashine haikukosea, ilitii neno kama lilivyoandikwa. Somo hilo la kusema unachokitaka hasa lina faida hata kwa atakayekuwa karani, mwanasheria au mtafiti wa kilimo. Na jibu lake ni mstari mmoja wa maandishi, unaoweza kutumwa kwa ujumbe wa simu kwa mwalimu wa Kigoma naye akaurudia bila picha kumi za kumwonyesha pa kubofya.

Kuna na suala la fedha, ambalo kwetu si dogo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, zikiwamo za mtumba zinazojaa katika maabara za shule. Linux hailipiwi leseni, na terminali yake haihitaji mashine yenye misuli. Anayesimamia seva iliyo mbali hutumia ssh, programu iliyoandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, na kwa kuwa zinazosafiri ni herufi tu, hata intaneti ya kusuasua huimudu, na bando haliishi haraka.

Wapo wanaoogopa, na hofu yao ina msingi. Amri ya rm haina pipa la taka, ukifuta, umefuta. Hata hivyo rm -i humuuliza mtu kabla ya kufuta, mwanafunzi anaweza kufanyia mazoezi kwenye nakala, na mtumiaji wa kawaida asiyepewa mamlaka ya msimamizi hawezi kuubomoa mfumo mzima. Wengine husema amri ni za Kiingereza. Kiingereza gani? Hata mtoto wa London hazaliwi akijua grep. Maelezo ndiyo yanayohitaji lugha, na hayo mwalimu anaweza kuyatoa kwa Kiswahili kizuri tu. Hoja kwamba waajiri wanataka Excel ni ya kweli, nami sisemi Excel ifutwe. Aliyekwisha kuelewa faili, folda na safu hujifunza Excel kwa muda mfupi, na utepe ukihamishwa tena hatababaika.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jipya: akili unde sasa inaandika amri yenyewe, ya nini kujisumbua? Swali hilo linageuka dhidi ya muulizaji. Programu hizo hukosea kwa lugha ya kujiamini, na mtu asiyejua kwamba rm -rf hufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza ataibandika amri hiyo na kugonga Enter kwa shukrani. Kadiri mashine zinavyotuandikia, ndivyo tunavyohitaji watu wengi zaidi wanaoweza kusoma zilichoandika.

Kwa hiyo waandaaji wa mitaala watenge vipindi vya amri katika muhula wa kwanza kabisa wa somo la kompyuta, na mtihani udai mwanafunzi aandike amri inayofanya kazi, asiulizwe majina ya sehemu za kompyuta peke yake. Walimu wasisubiri maabara mpya. Programu ya bure iitwayo Termux huweka terminali katika simu ya Android, na simu moja inatosha kwa kikundi cha wanafunzi kuanza. Waandike pwd wajue wako wapi, ls waone kilichopo, kisha ls --help wasome wenyewe kinachofuata.