Sketi ya Katani Si Asili Yetu

Nasema wazi, na wa kukasirika akasirike: hii sketi ya katani wanayovalishwa wachezaji kila mgeni anapokuja siyo vazi la asili la mtu yeyote wa Njombe. Ni sare. Tena sare ya kuazima.

Ndugu msomaji, tazama ngoma zinazoitwa kumpokea kiongozi, iwe Makambako, Ludewa au kule Nkomang'ombe kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma. Makabila mbalimbali, ngoma mbalimbali, lakini nguo ni ileile: katani kiunoni, kitambaa cha madoa ya chui kifuani, chokaa usoni. Mwezi wa sita baridi ya Njombe inapenya mpaka kwenye mifupa, na vijana wamesimama matumbo wazi tangu asubuhi, wakimsubiri mheshimiwa aliyevaa koti. Eti utamaduni!

Haya, tuulizane. Huo mkonge unaotoa katani ulifika lini nchini? Mwaka 1893. Aliyeuleta ni Mjerumani, Richard Hindorf, na kwao mmea huo ni Mexico. Babu zetu waliujua mkonge kwa panga. Walitoka Njombe kwa maelfu kwenda kuukata Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mtu alihesabiwa kwa namba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa, SILABU, kazi yake kukusanya watu na kuwapeleka mkongeni. Leo mjukuu wa manamba anafungwa katani kiunoni na kuambiwa hiyo ndiyo asili yake. Jamani!

Anayetaka vazi lenye historia ashuke Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akaangalie mganda. Kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, shati jeupe, soksi ndefu mpaka magotini, viatu. Wachezaji wanapanga safu kama askari wa gwaride, ngoma kubwa inanguruma, vibuyu vinalia mfano wa tarumbeta. Mganda una undugu na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi, hasa miaka ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Watu waliliona jeshi la mkoloni na gwaride lake, wakalichukua gwaride, wakalifanya mchezo wao. Hakuna aliyewaagiza. Walishona wenyewe.

Na vazi hilohilo ndilo linalokataliwa. Nimemsikia kwa masikio yangu mratibu wa sherehe moja akikiambia kikundi cha mganda kiache kaptula, "hizo za Kizungu", kitafute katani. Wazee wa kikundi walinyamaza. Posho ilikuwa mfukoni mwa mratibu.

Tabia hii haikuanza jana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1, 1969, kwa madai kwamba si utamaduni wetu. Miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wanashurutishwa kuvua lubega na kuvaa suruali, waonekane wamestaarabika. Binti wa Dar es Salaam alikosea kwa kuvaa kisasa, Mmasai akakosea kwa kutovaa kisasa. Sasa huyo mwananchi avae nini? Avae alichoambiwa, basi.

Najua nitajibiwa kwamba katani inapendeza, inatikisika vizuri kiuno kikizungushwa. Sikatai. Kikundi kikiichagua chenyewe, kivae na kicheze mpaka kuche. Ninachokataa ni amri, na uongo unaobandikwa juu ya amri hiyo kwamba eti ndivyo walivyovaa mababu.

Na sisi waandishi chipukizi tusicheke sana. Mara ngapi tumeambiwa hadithi ya Makambako "haina uasili" kwa sababu ina stendi, mitumba, treni ya TAZARA na dereva wa lori la makaa? Tunatakiwa tuweke mganga, mwezi mpevu na mbuyu, wakati kwa baridi hii ya Njombe mbuyu hauoti! Hiyo nayo ni sketi ya katani, na wengi wetu tunaivaa tukidhani ndiyo njia ya kuchapishwa.

Maafisa utamaduni, kabla ya kuagiza nguo waulizeni wachezaji wao huvaa nini na kwa nini. Nanyi wenzangu wenye kalamu, waendeeni wazee wa mganda wangali hai. Andikeni nani alishona kaptula, kitambaa kilinunuliwa wapi, nani alifundisha gwaride. Na siku mgeni mwingine atakapokuja kutuahidi makaa ya Mchuchuma, kama tulivyoahidiwa kwenye mkataba na Wachina mwaka 2011, mganda uingie uwanjani na soksi zake nyeupe. Akiuliza vazi hilo limetoka wapi, aketi chini aelezwe.