JE, BUNDUKI INAWEZA KULINDA UNIVERSITE?



Sisi wa mwaka wa sita tukiongea juu ya universite, tunauliza minervale ni bei gani, na mutu atalala wapi. Kuna swali moja hatuliulizi: nani anabeba silaha pale, na kwa amri ya nani? Mimi naona hili ni kubwa kuliko mengine yote, sababu mutoto akikufa, minervale haina kazi tena.

Wengine kati yetu wanasema: wanafunzi wa universite ni watu wa fujo, wanatupa mawe, wanachoma motokari, askari wasipokuwa karibu, muji hautalala. Neno hili lina sehemu ya kweli. Lakini tuangalie yale yaliyotokea katika inchi yetu kila mara bunduki ilipopelekwa kwa wanafunzi.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium walishuka Kinshasa. Walitaka burse iongezwe, na wapewe nafasi ya kusema katika uongozi wa universite yao. Hiyo ni maneno ya kuongea kwenye meza. Askari wakawapiga risasi, wengine wakakufa. Hata hesabu ya wafu serikali na wanafunzi hawakuipatana. Je, risasi ilimaliza neno? Hapana. Miaka mbili nyuma yake, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi walitaka kukumbuka wenzao. Serikali ikafunga Lovanium na ikaingiza wanafunzi katika jeshi kwa nguvu. Mutu aliacha kitabu, akavaa uniforme.

Tena mwezi wa Agosti 1971, universite zote tatu zikaunganishwa kuwa moja, UNAZA: Lovanium ya Wakatoliki, ile ya serikali pale Lubumbashi, na ile ya Waprotestanti iliyoanzishwa Kisangani mwaka 1963. Hivi Kisangani nayo ikapoteza uhuru wake. Mpaka mwaka 1981 ndipo zikagawanywa tena. Angalieni basi: neno lilianza na burse, na likaishia kwa kunyanganya universite zote. Bunduki ikiingia, haitoki peke yake. Inatoka na mambo mengi mukononi.

Mwaka 1990 ni mubaya zaidi. Tarehe 24 Aprili Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Pale Lubumbashi wanafunzi walianza kutafuta wenzao wenye walidhaniwa kuwa wapelelezi wa serikali, wakawapiga. Hilo lilikuwa kosa, tuseme wazi. Lakini jibu lilikuwa gani? Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei watu wenye silaha waliingia ndani ya kampisi, wakashambulia wanafunzi katika vyumba vyao. Serikali ilisema amekufa mumoja. Wengine walihesabu makumi, hata mamia. Ubelgiji ikaomba uchunguzi wa mataifa na ikasimamisha musaada wake. Mpaka leo wazazi wengine hawajui mutoto wao alizikwa wapi.

Mutu atasema: kama ni hivyo, wanafunzi wenyewe wapewe silaha wajilinde. Hiyo nayo imejaribiwa pahali pengine. Katika jimbo la Texas, Marekani, mutu mumoja alipanda munara wa universite tarehe 1 Agosti 1966 na kuua watu wengi kwa bunduki. Miaka 50 kamili nyuma yake, tarehe 1 Agosti 2016, sheria mupya ilianza pale: mwenye kibali anaweza kuingia universite ya serikali na bastola iliyofichwa. Wenye kuitetea wanasema ni haki ya kujilinda. Lakini walimu wengine walikataa, wakasema: nitampaje mwanafunzi sifuri, au nitabishana naye juu ya neno gumu, kama sijui ana nini ndani ya saki? Mimi nawaunga mukono. Kusoma ni kubishana. Pahali pa woga hakuna mabishano, kuna kunyamaza tu.

Basi maoni yangu ni haya. Mulinzi wa mulango anatosha kwa wezi. Askari asiingie kampisi kwa neno la burse ao la chakula. Rekta aite komite ya wanafunzi, komite yenye wanafunzi wamechagua wenyewe, wasikilizane. Na siye tutakaoingia kule, tuache mawe, tuache kupelekeana habari kwa siri, tuache kupiga mwenzetu kwa kumudhania tu. Mwenye kutupa jiwe anamupa askari sababu ya kuingia.

Tusisahau kwamba askari naye ni mutoto wa mutu, mara nyingi mwenye alikosa minervale. Hakuzaliwa adui yetu. Wakubwa wenye kumutuma ndio watajibu.

Wenzangu wa mwaka wa tano na wa nne, kama munaona ingine, andikeni. Karatasi iko.

Mwanafunzi wa mwaka wa 6