Yakitori Isiyo na Kileo

Wiki hii tulichoma yakitori, mishikaki ya kuku ya Kijapani, juu ya seredani uani. Tulikata mapaja ya kuku wa halali vipande vidogo, tukavitunga kwenye vijiti vilivyorowekwa majini, tukavigeuzageuza juu ya makaa yaliyokwisha kushika vyema.

Shida imo katika mchuzi wake. Wajapani huutia sake na mirini, vileo vya mchele, na kukipika kilichoharamishwa hakukihalalishi. Sisi tulichemsha sosi ya soya, sukari, maji na tangawizi hadi ikawa nzito, tukaipaka mwishoni, sukari isije ikaungua. Ladha haikupungua.

Basi mnunuapo chupa iliyo tayari, someni kibandiko kabla ya kulipa. Kileo kikiwamo, irudisheni rafuni.