Ulinzi wa Ibada Usiwe wa Waliofungua Kesi Tu



Tarehe 8 Julai 2025 Askofu Alberto Rojas wa Jimbo Katoliki la San Bernardino, California, alitoa tangazo ambalo waumini walizoea kulisikia wakati wa korona: mwenye hofu ya kweli ya kukamatwa na maofisa wa uhamiaji hafungwi tena na wajibu wa kuhudhuria Misa ya Jumapili. Mwezi mmoja nyuma, watu walikuwa wamekamatwa katika viwanja vya parokia za jimbo hilo. Askofu mwenyewe ni mzaliwa wa Mexico.

Anastahili pongezi. Ila muumini aliyeruhusiwa kubaki nyumbani bado hajahakikishiwa kwamba siku akija kanisani atarudi kwa watoto wake, na hapo ndipo penye malalamiko.

Tangu 2011 maofisa wa uhamiaji walikuwa na mwongozo wa kuepuka makanisa, shule na hospitali, isipokuwa kwa dharura au kwa idhini ya wakubwa wao. Trump alipoanza muhula wake wa pili Januari 2025, mwongozo huo ulifutwa, na maofisa wakaambiwa watumie busara. Busara ya nani, hakuna aliyefafanua.

Waliowahi kwenda mahakamani kupinga hatua hiyo ni Wakweka, wale ambao magharibi mwa Kenya huitwa Marafiki. Misheni yao ilifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuishinda Kenya. Wenzao wa Philadelphia na maeneo mengine ya Marekani walifungua kesi tarehe 27 Januari, wiki moja tu baada ya mwongozo kufutwa. Hoja yao ilitoka ndani ya ibada yenyewe. Wengi wao huketi kimya pamoja, bila mhubiri, wakisubiri yeyote aguswe na Roho anene. Kila asiyekuja kwa hofu anaipunguza ibada ya wote, na ofisa mwenye bunduki mlangoni anaivuruga kabisa. Tarehe 24 Februari Jaji Theodore Chuang wa Maryland aliwakubalia. Lakini amri yake iliwakinga walalamikaji peke yao: Wakweka hao, ushirika mmoja wa Wabaptisti na hekalu la Masingasinga la Sacramento. Hata huko, ofisa mwenye hati ya kukamata hakuzuiwa.

Wamenoni nao walikwenda mahakamani Washington pamoja na mashirika mengine zaidi ya ishirini ya Kikristo na Kiyahudi. Tarehe 11 Aprili Jaji Dabney Friedrich alikataa ombi lao. Alisema hawakuonyesha kwamba nyumba za ibada zinalengwa mahususi, na kwamba huenda waumini wanapungua kwa sababu wanaogopa kutoka nje kwa jumla. Sera ni ile ile, hofu ni ile ile, na kati ya maamuzi hayo mawili haikupita hata miezi miwili. Mungu anayeabudiwa hakuulizwa alisajiliwa kwenye kesi ipi!

Jambo hili linawagusa wazungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wakimbizi wengi wa Kongo waliopokelewa Marekani wanasali kwa Kiswahili, mara nyingi katika kumbi za kuazima, kwenye makanisa madogo yasiyo na wakili. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana hati zake. Ndugu anayeketi naye benchi moja huenda bado anasubiri jibu la ombi lake la hifadhi.

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walisema karibu kwa sauti moja Novemba 2025 huko Baltimore, kwa kura 216 dhidi ya 5, wakipinga kufukuzwa kwa watu kiholela. Ni kauli nzuri iliyochelewa miezi kumi.

Basi madhehebu makubwa, yenye fedha na mawakili, yaende mahakamani kwa niaba ya makanisa madogo pia. Na Jumapili ijayo, kabla ya matangazo ya harusi na michango, wachungaji wawaeleze watu kwa Kiswahili mambo mawili: hati iliyosainiwa na jaji si sawa na karatasi ya ofisi ya uhamiaji, na ukumbi uliofunguliwa kwa kila mtu si sawa na ofisi ya kanisa au chumba cha ndani, ambako ofisa asiyekaribishwa anahitaji hati ya jaji ili aingie.

Msomaji wenu,
Nairobi