KAKA WA BABA SIYO BABA WA KAKA!

Wiki hii naanza na mtihani mdogo. Usiogope, hauna kufeli na wala hauhitaji kalamu. Nijibu haraka haraka: kaka wa baba yako ni nani? Ni baba mkubwa au baba mdogo, si ndiyo? Haya, na baba wa kaka yako je? Huyo ni baba yako mwenyewe (kama mna baba mmoja lakini, hayo mengine kamuulize mama). Naamini umejibu kabla hata hujameza mate.

Swali hili niliwatupia washikaji wa kijiweni, wakanicheka kweli kweli. Mmoja akasema naona nimeishiwa habari za kuandika. Sasa subiri nikwambie kitu. Kuna watu wazima, wenye shule zao kichwani, ambao swali hilo limewatoa jasho mpaka wakasalimu amri. Siyo kwamba hawajui baba ni nani au kaka ni nani. Wanajua sana tu. Kilichowashinda ni kile kineno kidogo kinachokaa katikati, kile "wa".

Twende Urusi kidogo, enzi hizo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, kulikuwa na kijana wa miaka 23 anaitwa Lev Zasetsky. Kabla ya vita alikuwa mwanafunzi wa ufundi mitambo, kichwa kinachemka, hesabu zinapanda. Vita ilipokuja akavaa gwanda kama wenzake. Tarehe 2 Machi mwaka huo, akiwa mstari wa mbele upande wa Smolensk, risasi ikampata kichwani, kushoto, kwa nyuma.

Hakufa, ila dunia aliyoamkia haikuwa ile aliyoiacha. Upande wa kulia wa kila kitu hakuuona. Kusoma kukafutika kabisa, ikabidi aanze herufi upya kama mtoto wa chekechea. Kuongea kulirudi pole pole, na mama yake na dada zake aliwatambua. Ukikaa naye kwa salamu na stori fupi fupi ungesema huyu jamaa kapona.

Aliyegundua kwamba bado kuna kasheshe kubwa ndani ni mwanasaikolojia na daktari Alexander Luria, aliyekuwa akiongoza hospitali ya majeruhi wa ubongo kule kwenye milima ya Urali. Walikutana mwaka huo huo wa 1943, na Luria akaendelea kumfuatilia kwa zaidi ya miaka 25. Ndiye aliyemwuliza maswali ya aina ile niliyokuuliza wewe. "Kaka wa baba" na "baba wa kaka" vina tofauti gani? Zasetsky akabaki anavigeuza maneno kama mtu aliyepewa funguo mbili bila mlango. Baba namjua, kaka namjua, sasa nani ni wa nani?

Wakamletea tembo na inzi. Tembo alimjua, mnyama mkubwa. Inzi alimjua, kadudu kadogo. Lakini ukimwambia "tembo ni mkubwa kuliko inzi", halafu "inzi ni mkubwa kuliko tembo", na kumtaka aseme ipi ni kweli, hapo kazi ipo. Lile "kuliko" halikushikika. Alishindwa kujua linamtazama tembo au linamtazama inzi.

Sasa unaweza kuuliza, inawezekanaje mtu ajue vitu viwili halafu asijue uhusiano wake? Mimi nilielewa nilipofikiria Ubungo. Ndiyo, Ubungo, siyo ubongo, ingawa leo ni ndugu. Pale ndipo zinapokutana barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Chukulia leo njia panda ile imefungwa kabisa. Kimara bado ipo, watu wanapika chapati kama kawaida. Mwenge ipo, Buguruni ipo. Hakuna mtaa uliobomoka hata mmoja. Ila wa Kimara anayetaka kwenda Mwenge atajuta kuzaliwa.

Ndivyo ilivyokuwa kichwani kwa Zasetsky. Risasi ilipiga pale nyuma kushoto ambapo sehemu za kuona, kusikia na kugusa zinapakana. Luria aliona kwamba mahali hapo ndipo mambo mbali mbali yanapokusanywa na kutazamwa kwa pamoja, hiki kiko juu ya kile, huyu ni wa yule, hili lilitangulia lile likafuata. Maneno yote yapo majumbani kwao, lakini njia panda imefungwa.

Halafu kumbe njia zenyewe siyo za aina moja. Chukua kinu. Kinu na mchi vinakwenda pamoja kwa sababu vinafanya kazi pamoja. Lakini embe na papai vinakwenda pamoja kwa sababu ni jamii moja, vyote matunda. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwachunguza wagonjwa 86 waliopata matatizo ya lugha baada ya kiharusi. Walioumia sehemu ya mbele ya upande wa kushoto karibu na sikio walielekea kukosea ndani ya jamii, yaani tunda moja anaita jina la tunda jingine. Walioumia nyuma zaidi, jirani na ile njia panda yetu, walielekea kukosea kwa kutaja kile kinachoandamana na kitu, ni kama uonyeshwe mbwa ukataja mfupa. Kwa hiyo hata makosa ya mgonjwa yana mpango wake. Ukisikiliza vizuri unaweza kukisia ni barabara ipi imekatika.

Sasa turudi kwetu, maana najua wewe hujawahi kwenda Smolensk. Sisi risasi hatuna, tunazo bodaboda. Mtaani kwetu yupo kijana mmoja, jina nalihifadhi, aliruka kutoka kwenye pikipiki akatua na kichwa bila helmeti. Akalazwa, akatoka, nyuzi zikatolewa, nywele zikaota. Watu tukamshukuru Mungu. Anatania, anacheka, majina ya wachezaji wa Simba na Yanga anakutajia yote.

Siku moja mama yake akamwambia, "Kabla hujaenda kwa mjomba wako, ile hela utakayopewa na shangazi umpe Mangi." Kijana akaitika vizuri tu. Akaenda kwa shangazi, akachukua hela, akampa mjomba. Mangi akaja juu kudai chake. Mtaa ukalipuka: kawa mwizi, kawa jeuri, anajifanya chizi ili asitumwe. Wengine wakaanza za kunong'ona kwamba amechezewa. Mimi siyo daktari na siwezi kukwambia ndani ya kichwa chake kuna nini. Ila hebu itazame sentensi ile ya mama kwa makini. Kuna "kabla", ambayo inataja mwanzo kile kinachotakiwa kufanyika mwisho. Kuna "utakayopewa na", ambayo inageuza mtoaji na mpokeaji. Kuna mjomba, shangazi na Mangi, wote watatu wamebanwa kwenye pumzi moja kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Kwa mtu ambaye njia panda yake imeguswa, hiyo siyo sentensi, ni msongamano.

Aliyeokoa jahazi ni dada yake mdogo. Hakusomea popote, ila alichoka na kelele za mtaa. Akaanza kumwambia hivi: "Kaka, nenda kwa shangazi. Chukua hela. Mpe Mangi. Rudi uniambie." Akirudi anampa jingine: "Haya, sasa nenda kwa mjomba." Basi. Wizi ukaisha siku hiyo hiyo. Mtu ni yule yule, kilichobadilika ni namna ya kusemeshwa.

Nikwambie ukweli, hapo ndipo nilipoona utamu wa Kiswahili chetu. Kwetu sisi kaka wa baba ana jina lake tayari, baba mdogo au baba mkubwa. Kaka wa mama ni mjomba, dada wa baba ni shangazi. Uhusiano wote umeshapikwa na kufungwa kwenye neno moja au mawili. Mimi nafikiri kwa mtu wa namna hii ni afadhali mara mia umwambie "baba mdogo kaja" kuliko kumzungusha na "yule kaka yake baba yako kaja". Taja mtu kwa jina, taja kitu kimoja kimoja, kinachoanza kianze na kinachofuata kifuate. Ukiona bado, chukua kalamu umchoree. Luria naye aliwasaidia majeruhi wake kwa kuwavunjia jambo gumu katika hatua ndogo ndogo, wajiulize swali moja baada ya jingine mpaka wafike.

Ubaya mmoja tu tusiufanye, kumwita mtu mjinga. Zasetsky hakuwa mjinga. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kutaka, ilibaki salama, na ndiyo maana alijua fika amepoteza nini. Hiyo ndiyo iliyomuuma. Siku moja hospitalini aliambiwa ajaribu kuandika bila kuchora herufi moja moja, aachie tu mkono uende bila kuuinua. Akaandika neno "damu". Mkono ulikuwa unakumbuka kile ambacho macho yalishasahau! Tangu hapo akaanza kuandika maisha yake. Kuna siku alitoa nusu ukurasa tu, kutwa nzima. Na akishaandika, kukisoma alichokiandika mwenyewe ilikuwa ni vita nyingine, herufi kwa herufi. Aliendelea hivyo kwa miaka 25, akafikisha karibu kurasa 3,000. Mwaka 1971 Luria akatoa kitabu kilichochanganya maandishi hayo na maelezo yake mwenyewe. Nionyeshe mjinga mwenye moyo huo, nami nitamvulia kofia.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama nyumbani kwenu yupo aliyeumia kichwa, awe kaanguka na pikipiki au kapigwa na kiharusi, halafu tangu arudi "amebadilika", usiishie kumsikiliza anavyoongea ukaridhika. Mpe maagizo ya kawaida ya nyumbani uone anayashikaje. Akikwama, mrudishe hospitali na uwaeleze madaktari hivyo hivyo ulivyoona, kwa mifano. Na usidanganyike na jina, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, MOI, haiishii kwenye miguu na mikono, inatibu na ubongo pia.

Na wewe unayepanda bodaboda kila siku ukisema helmeti inanuka na inaharibu msuko, sikiliza hii. Mwaka 2008 wataalamu waliunganisha tafiti 61 kuhusu waendesha pikipiki. Wakakuta helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Msuko unarudiwa kwa shangazi yeyote pale Kariakoo, elfu kadhaa na soga juu. Ile njia panda ya kichwani haina mkandarasi wa kuijenga upya.

Mwulize dereva wako leo jioni, "Helmeti ya abiria iko wapi?" Akikuambia ipo nyumbani, mwambie basi aifuate, na wewe utapanda akirudi. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, vichwa vikiwa vizima.