Maarifa ya Kazini: Kompyuta Ibishe Hodi Mlango Upi?

Mgeni afikapo kwenye lango la kambi hutaja jina lake, naye askari wa zamu hutazama daftari kabla ya kumruhusu apite. Kompyuta za ofisini nazo zina daftari lao, linalotunzwa na kompyuta maalumu iitwayo seva ya saraka. Mtumishi aandikapo jina na neno la siri, kompyuta iliyo mbele yake huiuliza seva hiyo: je, mtu huyu ni wetu? Lugha ya maswali hayo, LDAP, iliasisiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993.

Kompyuta hujuaje iulize seva ipi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiandikia anwani ya seva moja tu. Fundi huipenda njia hii atafutapo kasoro, maana hujua bila shaka ni seva ipi iliyojibu. Ya pili ni kuiacha iulize kwanza orodha ya majina ya mtandao, yaani DNS, ambayo hutaja seva zilizopo na zamu ya kila moja. Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000, hutegemea njia hii ya pili.

Hatari huanza fundi amalizapo kazi akasahau kuiondoa anwani ile moja. Miezi hupita kwa salama. Siku seva ile izimikapo, watumishi huweza kufungiwa nje ilhali seva nyingine i hai katika chumba cha pili. Orodha ya mishahara haifunguki, na nyumbani familia zangoja. Wahenga walinena: jifya moja haliinjiki chungu.

Basi yafaa anwani ziwe mbili au zaidi. Katika Linux, mstari wa URI ndani ya faili la ldap.conf hukubali anwani kadhaa zikifuatana. Tena ni bora kuandika jina la seva kuliko tarakimu zake, kwani cheti cha seva kwa kawaida hutaja jina, na kompyuta hulilinganisha kabla ya kuamini. Anayezima ukaguzi wa cheti ili kuharakisha kazi amemwambia mlinzi asitazame vitambulisho.

Mwisho, fundi achague siku isiyo na kazi nyingi, aizime seva ya kwanza kwa makusudi, kisha ajaribu kuingia. Akiingia, kazi imekamilika.