Chuki ya Kale Haishtakiwi

Kila damu inapomwagika Afrika, magazeti ya Ulaya na Marekani huwa na jibu tayari: ni chuki ya kikabila. Ndivyo mengi yalivyoandika Aprili 1994, Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakichinjwa vizuizini na hata makanisani. Wasomaji wa ng'ambo waliambiwa kwamba makabila mawili yamerudia ugomvi wa mababu.

Sisi twauliza: ikiwa ulikuwa ugomvi wa makabila, mbona tarehe 7 Aprili, mauaji yalipoanza, aliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa Mhutu? Mbona siku hiyo hiyo aliuawa Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba, naye Mhutu? Waliondolewa kwa kuwa waliwazuilia njia waliokusudia kuwaangamiza Watutsi. Ugomvi wa ghafla hauandiki orodha ya majina, wala haukagui vitambulisho.

Hatuwalaumu waandishi wote. Wapo waliohatarisha maisha yao ili ukweli ujulikane. Lakini neno lile lilikuwa na madhara. Chuki ya kale haina anwani. Haiwezi kupelekewa hati ya kuitwa mahakamani. Tena humpa mtazamaji ruhusa ya kukunja mikono. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama lilipunguza askari wa Umoja wa Mataifa hadi 270.

Ukweli ulisemwa Arusha. Mwaka 1998, mbele ya Mahakama ya Kimataifa, Jean Kambanda, Waziri Mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji hayo, alikiri kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 wakatiwa hatiani waanzilishi wawili wa redio RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Lililohukumiwa si kabila. Ni watu wenye majina na vyeo.

Nasi Wakenya tusiwanyoshee wageni kidole upesi. Mapigano ya Bonde la Ufa yalianza mwaka 1991, tulipokuwa tukidai vyama vingi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliwataja wanasiasa katika ripoti yake ya 1992. Hata hivyo, ndimi zetu wenyewe ziliendelea kuyaita mapigano ya kikabila.

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, si habari za kabila. Basi, ndugu, ukisoma kwamba makabila yameuana, uliza: nani aliamuru, nani alilipa, nani alinufaika? Anayekataa kuuliza amewafungulia wauaji mlango.